Bango la duka juani: kuchapa, kukata stika au kuchora kwa brashi?

Tazama bango la kinyozi lililokaa nje kwa miaka miwili. Nyuso za vijana walionyolewa zimegeuka buluu. Midomo imepauka, shati lililokuwa la manjano limekuwa jeupe, na bei iliyoandikwa kwa herufi nyekundu haisomeki mpaka usogee mlangoni. Duka la dawa la jirani, mama lishe, wakala wa pesa, mabango yao yote yanaelekea buluu ileile. Wenye duka hulaumu jua, na kweli jua lina mkono wake. Lakini jua lilipiga bango zima, na bado buluu na nyeusi ziko palepale.

Hilo ndilo la kuzingatia unapochagua kati ya njia tatu utakazopewa na mafundi: benna au stika iliyochapwa kwa printa, stika ya rangi moja iliyokatwa herufi kwa herufi, na mchoraji mwenye brashi na makopo yake. Wengi hulinganisha bei na haraka ya kazi. Mimi ningeanza na nyekundu. Ukishajua nyekundu yako imetengenezwa kwa kitu gani, mengine karibu yote yanajipanga.

Kwa nini nyekundu huondoka kwanza

Printa ya mabango hutumia wino wa aina nne: sayani (buluu yenye ukijani), majenta (pinki iliyokolea), manjano na nyeusi. Nyekundu haimo. Nyekundu unayoiona ni majenta na manjano zimelazwa pamoja, na rangi ya ngozi ni hizohizo mbili pamoja na kidogo cha zile nyingine. Kila wino hufanya kazi kwa kumeza sehemu ya mwanga: manjano humeza buluu, majenta humeza kijani, sayani humeza nyekundu, nyeusi humeza kila kitu. Jicho hupokea masalia.

Mwanga unaorudi au kupita bila kumezwa hauharibu kitu. Uliomezwa ndio wenye madhara, na ndio huohuo unaoleta rangi, kwa hiyo huwezi kupata kimoja ukakwepa kingine. Ndani ya molekuli ya wino wa majenta au manjano kuna mlolongo wa atomi ambamo elektroni zimetandaa, na urefu na umbo la mlolongo huo ndivyo vinavyoamua ni mwanga gani utamezwa. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ikimezwa, elektroni hupanda ngazi. Mara nyingi sana hushuka papo hapo na nishati ikawa joto tu. Mara chache, kabla haijashuka, molekuli hukutana na oksijeni au unyevu ikiwa katika hali hiyo ya kuchemka, na mlolongo hukatika. Vipande vinavyobaki havina tena uwezo wa kumeza mwanga unaoonekana, na mahali pale panakuwa peupe.

Nguvu ya fotoni inategemea urefu wa wimbi lake. Mwanga mwekundu wa nanomita 700 una kilojuli 170 hivi kwa moli. Urujuani wa nanomita 400 una kama 300. Mionzi ya urujuanimno (UV), isiyoonekana kwa macho, ya nanomita 300 inafika karibu 400, ilhali kifungo cha kawaida kati ya kaboni na kaboni huvunjika kwa takriban 350. Kwa hiyo jua lina sehemu inayoweza kuvunja kifungo moja kwa moja, na sehemu kubwa zaidi inayofanya uharibifu kwa kupitia oksijeni. Manjano, ambayo kazi yake ni kumeza buluu, inajilisha fotoni zenye nguvu kuliko zile zinazomezwa na sayani.

Lakini nguvu ya fotoni haielezi yote. Sayani ya printa kwa kawaida ni ftalosianini ya shaba, molekuli bapa yenye umbo la pete na atomi ya shaba katikati, ambayo ikipata nishati huitupa haraka kama joto kabla balaa halijatokea. Jamii hii ya rangi iligunduliwa kwa bahati kiwandani Grangemouth, Scotland, mwaka 1928. Chombo kilichopakwa enameli kilipata ufa, chuma cha nje kikaingia kwenye mchanganyiko, na badala ya unga mweupe wakakuta uchafu wa buluu usiotaka kuharibika. Ya shaba ilianza kuuzwa mwaka 1935 na mpaka leo ndiyo iliyomo katika buluu nyingi za makopo, za wino na za plastiki. Nyeusi ni kaboni, yaani masizi yaliyosafishwa, na masizi hayana cha kupoteza.

Mchoro wa chumba cha kulala wa Vincent van Gogh wa mwaka 1888 ulipatwa na jambo hilohilo. Katika barua zake alisema kuta ni za zambarau hafifu. Leo ni za buluu, kwa sababu alichanganya buluu imara na nyekundu dhaifu, na nyekundu ikaondoka. Huo ulikuwa ndani ya nyumba. Majumba ya makumbusho huonyesha karatasi zenye rangi dhaifu chini ya mwanga wa luksi 50 hivi, na jua la mchana lisilo na wingu hufika luksi 100,000. Kwa kiasi cha mwanga tu, saa moja ya jua hilo ni sawa na siku 250 za maonyesho ya saa 8 kwa siku. Bado hujahesabu urujuanimno, ambao makumbusho huuchuja na barabara ya Kariakoo haiuchuji.

Kuchapa

Sifa ya printa haina mjadala: picha. Ukitaka sura ya mteja aliyesukwa, sahani ya biriani au simu zilizopangwa, hakuna njia nyingine ya bei ya kueleweka. Tatizo ni kwamba neno "kuchapa" linafunika vitu viwili tofauti kabisa.

Kuna wino wa maji ambamo rangi imeyeyuka kama sukari kwenye chai. Ndio unaotumika katika printa nyingi ndogo za maduka ya steshenari, zile zinazotoa picha za kung'aa kwenye karatasi. Kila molekuli iko peke yake, wazi kwa mwanga na hewa. Rangi zake ni nzuri kweli, na ukiitundika nje usishangae wekundu ukaanza kukuaga mapema sana. Halafu kuna wino wa pigmenti, ambamo rangi haikuyeyuka bali imo kama chembe ndogo zilizoshikwa na resini, yaani gundi yake. Molekuli za juu ya chembe zikifa, za ndani zinabaki zimekingwa. Mashine kubwa za benna zinazotumia ekosolventi (wino wenye kiyeyushi badala ya maji), na zile zinazokausha wino kwa taa ya urujuanimno, ni za kundi hili.

Hata ndani ya kundi hili la pili, majenta na majenta si sawa. Wino mzuri hutumia kwinakridoni, pigmenti iliyoingia sokoni mwaka 1958 kupitia kampuni ya DuPont na ikapendwa na watengenezaji wa rangi za magari kwa uvumilivu wake. Wino wa bei rahisi unaomiminwa kutoka kwenye chupa isiyo na jina unaweza kuwa na chochote. Fundi hatakudanganya kwa makusudi. Mara nyingi hata yeye hajui. Muulize kama wino ni wa mtengenezaji wa mashine au wa kujazia, na umsikilize anavyojibu.

Laminesheni inasaidia, na ni pesa ya halali. Filamu ile ina kemikali inayomeza urujuanimno na kuugeuza joto, pia inazuia vumbi na mikwaruzo. Lakini haizuii mwanga unaoonekana, ambao nao unapausha. Kwa sababu hiyohiyo, usidhani bango la karatasi liko salama kwa kuwa limebandikwa ndani ya kioo cha duka. Kioo cha kawaida hukata mawimbi mafupi ya chini ya nanomita 320 hivi na kuachia sehemu kubwa ya urujuanimno uliobaki.

Ukiambiwa "ina dhamana ya miaka mitatu", soma maandishi madogo. Dhamana hizo kwa kawaida huhesabiwa kwa bango lililosimama wima katika nchi za jua hafifu, na watengenezaji wenyewe hupunguza miaka kwa ukanda wa tropiki, tena zaidi kwa bango lililolala kama la juu ya paa la gari. Kwetu kipimo cha urujuanimno cha Shirika la Afya Duniani huvuka 11, kiwango kinachoitwa cha kupindukia, na jambo hilo si habari mpya kwa mtu yeyote wa pwani.

Kukata

Stika ya kukata ni plastiki iliyotiwa rangi kuanzia juu hadi chini. Ndiyo tofauti kubwa. Wino wa printa umekaa juu ya benna kama ngozi nyembamba ya mikroni chache, wakati stika ya kawaida ina unene wa mikroni 70 hivi na pigmenti imo ndani yote. Jua likila tabaka la juu, liko lingine chini. Nyekundu hapa ni pigmenti moja iliyochaguliwa kuwa nyekundu, si mkataba wa majenta na manjano unaovunjika mmoja akijitoa.

Kwa jina la duka na namba ya simu, njia hii ndiyo ningeipendekeza kwa wengi. Herufi ni safi, kazi ni ya siku moja, na kioo au bati vinaipokea vizuri. Haiwezi picha wala rangi zinazofifia taratibu. Ukuta wa plasta hauitaki. Itabanduka pembeni, vumbi liingie, na wewe umebaki na jina lenye herufi pungufu. Plastiki yenyewe pia huchoka: kilainishi kilichomo hutoka kidogo kidogo, stika hukakamaa, husinyaa na kupasuka. Stika nyingi za bei nafuu hufa kwa kupasuka kabla ya kupauka.

Kaa mbali na zile za rangi za kuwaka, pinki na kijani cha vesti za barabarani. Zinang'aa kupita kiasi kwa sababu humeza urujuanimno na buluu kisha kuitoa tena kama mwanga wa rangi nyingine, yaani zinafanya kazi mfululizo na mwanga wenye nguvu zaidi. Nje hazidumu.

Kuchora

Mchoraji wa mabango anaonekana kama mtu wa zamani, na wateja humpa kazi kwa sababu ya bei. Kuna sababu nzuri kuliko hiyo. Yeye ndiye pekee kati ya watatu anayeweza kukuwekea rangi yoyote iliyopo duniani, kwa unene unaotaka, na kurudi baada ya miaka miwili kugusa herufi nyekundu peke yake bila kupaka upya bango zima.

Makopo yake yana ulimwengu mwingine wa rangi. Redi oksaidi, ile ya kupaka sakafu na mabati, ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu. Rangi yake inatoka kwenye atomi za chuma zilizofungwa na oksijeni, na humo hakuna mlolongo wa kaboni wa kukatika. Chuma kimeshaungana na oksijeni yake, kwa hiyo hewa na jua havina la kuongeza. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, ina wanyama na watu waliochorwa kwa wekundu wa jamii hii, na bado unawaona. (Wamekaa chini ya miamba iliyojitokeza mbele kama kibaraza, nalo limesaidia.) Oksidi ya chuma ya manjano ina uvumilivu huohuo, ndiyo rangi ya udongo wa haradali unayoiona kwenye kuta.

Lawama pekee kwa oksidi ni kwamba haina moto. Ni nyekundu ya tofali, na mwenye duka la soda au la simu hataki tofali. Nyekundu kali ya kopo la bei ya chini kwa kawaida ni ya jamii ya azo, kama toluidini, ambayo ikipakwa nzito bila kuchanganywa hujikaza kwa muda. Ukiichanganya na nyeupe kupata pinki, imekwisha. Kanuni hii ni ya rangi zote, si ya toluidini tu: rangi nzito ina akiba chini na chembe zinazokingana, wakati katika rangi hafifu kila chembe imezungukwa na nyeupe inayotawanya mwanga na kuupiga kutoka kila upande. Hivyo pinki, pichi na zambarau ya maua hufa kabla ya nyekundu iliyozizaa. Nyekundu kali inayovumilia ipo, ni ile ya magari, na bei yake itakufanya uulize mara mbili.

Namna ya kujua ni kusoma msimbo wa pigmenti. Makopo mengi ya kawaida hayauandiki, ila karatasi ya maelezo ya bidhaa huwa nao mara nyingi, na duka kubwa la rangi linaweza kukutafutia. PR 101 ni oksidi nyekundu. PR 3 ni toluidini. PR 254 ni nyekundu ya magari. PY 42 ni oksidi ya manjano, PB 15 ni ile buluu ya Grangemouth, PBk 7 masizi, PW 6 nyeupe ya titani. PY 34 ni kromati ya risasi, manjano kali inayofunika vizuri na yenye sumu. Usiitake hata ikiwa rahisi, na usiikwangue ukiwa na watoto karibu.

Nyeupe ya titani nayo ina visa vyake. Haimezi mwanga unaoonekana, inautawanya tu, ndiyo maana ni nyeupe. Lakini urujuanimno inaumeza, na juu ya chembe zake huzaliwa kemikali kali zinazokula resini inayoishika rangi ukutani. Resini ikiisha, uso unakuwa unga unaobaki kwenye kiganja ukipangusa. Rangi za nje za maana hutumia titani ya aina ya rutili iliyofunikwa kwa silika au alumina ili kupunguza balaa hilo. Rangi ya ndani ikipakwa nje haina kinga ya kutosha, na ndipo watu wanaposema rangi imepauka wakati pigmenti ni nzima kabisa.

Kuna jaribio la dakika moja la kutofautisha. Chukua kitambaa kibichi, pitisha juu ya herufi iliyopauka. Rangi ikirudi kwa nguvu wakati ukuta umelowa, kisha ikapauka tena ikikauka, pigmenti iko hai. Kilichoharibika ni uso wenye unga na mikwaruzo unaotawanya mwanga mweupe, na maji yamejaza mashimo yake kwa muda. Hapo osha, acha ikauke, piga vanishi ya nje. Kama hata ikilowa ni pinki ileile, hakuna vanishi itakayofufua; paka upya. Mwenye benna hana njia hii ya kurudi nyuma.

Ukuta wako unatazama wapi

Jibu linabadilika kwa mwelekeo kuliko watu wanavyodhani. Dar es Salaam jua hupita utosini mapema Machi na tena kama tarehe 10 Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba mchana linakaa upande wa kaskazini, miezi mingine upande wa kusini. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini kila mmoja hupumzika sehemu ya mwaka, na jua likiwa juu sana mwanga wake huteleza tu ukutani. Kibaraza cha nusu mita kinatosha kuukata. Mashariki na magharibi hazina likizo. Magharibi ni mbaya zaidi kwa maoni yangu, maana jua la saa tisa na saa kumi linakuja moja kwa moja wakati ukuta umeshachemka tangu asubuhi, na joto huharakisha kila kilichoelezwa hapo juu.

Ukuta wa magharibi usio na kibaraza, usichape sura za watu. Hapo ni brashi: oksidi kwa usuli, nyeusi au buluu kwa jina, na kama lazima kuwe na nyekundu kali, iwe eneo dogo utakalogusa tena. Upande wa kaskazini wenye kibaraza, benna ya pigmenti yenye laminesheni itakutendea haki. Mlango wa kioo, stika ya kukata, bandika kwa ndani ukiweza.

Kama huamini maneno ya fundi wala yangu, omba kipande cha benna au stika ileile, funika nusu kwa karatasi ya aluminiamu, uweke juu ya bati kwa mwezi mmoja kabla ya kulipa kazi nzima. Ondoa aluminiamu na ulinganishe nusu mbili. Wapimaji wa nguo viwandani hufanya jambo hilohilo kwa kutumia vipande 8 vya sufu ya buluu vyenye uvumilivu unaopanda hatua kwa hatua, wakiangalia sampuli imepauka pamoja na kipande cha ngapi. Wewe huhitaji namba, unahitaji kuona tu kama nyekundu imeanza kuaga ndani ya mwezi.

Na tangazo la ofa ya wiki tatu, au la harusi, au la mechi, lisikutoe jasho. Chapa kwa wino wowote, kwa rangi yoyote unayopenda, hata pinki ya kuwaka, kwani litashushwa kabla jua halijamaliza kazi.